Pikapu Nilizoweka Ili Mke Wangu Asisikike

Wengi wenu mmeiona ile video.

Ile ya ukumbi uliojaa wauguzi. Jukwaani kuna mwanamke mmoja tu, kavaa gauni la zambarau. Halafu ghafla spika inaanza kuongea yenyewe. Sauti ya mwanamume, nzito, kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa.

Mmeandika mengi chini yake. Wengine mmesema ni jini. Wengine mmesema ni maigizo, watu wanatafuta umaarufu. Kuna mmoja kaandika, "Huyo mwanamume nikimpata, namchapa mwenyewe."

Ndugu yangu, usihangaike kunitafuta. Ni mimi.

Sauti ile ni yangu. Gitaa lile ni langu. Na yule mwanamke wa gauni la zambarau ni mke wangu wa ndoa, mama wa watoto wangu mapacha.

Hakuna jini pale. Ningefurahi kama angekuwepo, ningemsukumia lawama zote.

Sasa nisikilizeni, niwaeleze ilivyokuwa.

* * *

Mimi ni mpiga gitaa. Mke wangu ni mwimbaji. Tuna bendi ndogo ya watu wanne, tunapiga kwenye harusi, mahafali na sherehe za maofisini.

Watu wote wanamwita Mama Pacha, nami pia namwita hivyo hivyo.

Sauti yake ya zamani, jamani, niseme nini? Akishika noti ya juu, wapishi walikuwa wanatoka jikoni na miiko mikononi, wanasimama mlangoni. Chakula kinaungua huko, wao wapo tu.

Nami nilikuwa natembea kifua mbele. Mtu akimsifu, mimi ndiye nasema asante. Utadhani ile sauti nimeinunua mimi.

Halafu akaota uvimbe shingoni.

Daktari alituweka chini kabla ya upasuaji, akatueleza bila kuficha. Uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Wakiuacha, utamuua. Wakiutoa, huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa.

Mama Pacha akasema, "Utoeni. Watoto wangu wanahitaji mama, hawahitaji redio."

Wakautoa. Akapona. Sauti ikarudi nusu.

Ilirudi ikiwa na mikwaruzo. Ilikuwa inatoka na pumzi nyingi, na akipanda juu ilikuwa inapasuka katikati, inakuwa sauti mbili, halafu inakuwa upepo.

Yeye hakukata tamaa. Kila asubuhi alikuwa anafanya mazoezi bafuni, maji yakijaa kwenye ndoo. Aa, aa, aa. Anapasuka. Anaanza tena.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Naongeza sauti ya televisheni.

Siku moja jirani alinikuta nje, akauliza, "Shemeji ana mafua?"

Nikajibu, "Ndiyo, mafua mabaya kweli."

Jibu lilitoka haraka hivyo. Sikulifikiria hata kidogo.

* * *

Sasa kuna muuguzi mmoja wa wodi ile, mama mtu mzima, wagonjwa wote wanamwita Sista. Mama Pacha alipoamka baada ya upasuaji hakuwa na sauti kabisa. Sista ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda, akamshika kiwiko, akamwambia, "Usijaribu kuongea. Wewe nitazame tu, mimi nitaongea kwa niaba yako."

Na kweli aliongea kwa niaba yake. Akitaka maji, Sista anajua. Akiwa na maumivu, Sista anajua. Mimi mumewe nilikuwa nabahatisha bahatisha.

Basi Sista akafikia umri wa kustaafu. Wenzake wakaandaa sherehe ya mchana, wakamuuliza anataka zawadi gani.

Akasema, "Yule mgonjwa wangu aje aimbe."

Mama Pacha alikuja kuniambia macho yanang'aa.

Mimi roho ikashuka hadi kwenye soksi. "Si tungempelekea zawadi tu?" nikasema. "Hata vyombo vizuri vya jikoni."

Akanitazama. "Zawadi anayoitaka ni hii."

Usiku ule usingizi ulinipotea, nikiwaza ule ukumbi. Madaktari, wauguzi, wageni. Wote wananitazama mimi, mume wa mwenye sauti iliyopasuka.

Mimi! Aliyekatwa shingo ni yeye, anayeona aibu ni mimi.

* * *

Hapo ndipo wazo la pikapu lilipoingia.

Kwa wasiojua, pikapu za gitaa la umeme ni vile vidude vilivyolala chini ya nyuzi. Ndani kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele; zungusho hilo ndilo tunaliita koili. Uzi ukitikisika, kile kidude kinaunasa mtikisiko na kuupeleka kwenye spika. Ukibadilisha pikapu, gitaa linakuwa na sauti nyingine kabisa.

Nilimwambia mama mkwe kwa simu, "Mama, leo naenda kutafuta pikapu."

Alipiga kigelegele. "Mungu mkubwa! Ya rangi gani?"

"Ee... nyeusi, mama."

"Nyeusi inaonyesha vumbi, mwanangu. Haya, mtakuwa mnanibeba na mimi nikienda sokoni."

Ilibidi nimweleze kwamba pikapu hiyo inaenea kiganjani. Akakata simu.

Kuna fundi mmoja, mwanamke mwenye sauti kubwa, miwani imefungwa kamba shingoni. Wapiga magitaa wote tunamwita Mama Koili. Ana kibanda mwisho wa ujia wa maduka ya spea, na anaongea kuliko redio zote alizowahi kutengeneza.

"Karibu, Baba Pacha! Unataka sauti gani leo?"

"Nzito."

"Nzito ya kubeba au nzito ya kuzika?"

Nikacheka kama mjinga. "Ya kubeba."

Akapanga pikapu mezani, aina moja moja, kama anayepanga karata.

"Hii ni ya koili moja. Sauti yake inang'aa, ina makali, kila noti unaisikia peke yake. Ubaya wake inavuma. Ukikaa nayo karibu na taa za mirija inanung'unika kama mzee aliyeamshwa mapema."

Akasogeza nyingine. "Hii ni ya koili mbili. Zimefungwa kinyume, mvumo wa hii unaua mvumo wa ile. Kimya kabisa. Na sauti yake nene, imeshiba. Na hii ya katikati ni koili moja pana, si nyembamba, si nene, inategemea mkono wako."

Akavua miwani. "Nani anaimba kwenu?"

"Mke wangu."

"Sauti yake ikoje siku hizi?"

Nikatazama pembeni. Kwenye ukuta kulikuwa na feni imekatika bawa, nikaitazama hiyo. "Ya kawaida," nikasema.

"Nimesikia alifanyiwa upasuaji."

"Amepona."

"Swali langu ni sauti."

"Imechoka kidogo."

"Basi chukua koili moja," akasema bila kusita. "Sauti iliyochoka inakaa chini, katikati. Koili moja itapita juu yake na pembeni, yeye atabaki na chumba chake. Ukiweka hizi nene, zitakwenda kulala palepale anapolala yeye. Mtabanana, na mwenye nguvu atamsukuma mwenzake chini."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Nikaonyesha zile za koili mbili, na kati ya hizo nikachagua jozi kubwa kuliko zote, iliyotolewa kwenye gitaa kuukuu. Nilishazisikia kwa mpigaji mwingine. Zinanguruma.

Mama Koili akakunja uso. "Hizo hazina nta. Pikapu nzuri huzamishwa kwenye nta ya moto, waya za ndani zinashikana, hazitikisiki. Hizi waya zinacheza. Zikicheza, zinakuwa na masikio."

"Masikio vipi?"

Akazichomeka kwenye spika yake, akasogeza mdomo karibu, akaita, "Haloo!"

Spika ikaitika, "Haloo!"

Tukacheka wote wawili.

"Niachie," akasema. "Nizizamishe, uzifuate wiki ijayo."

Sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile.

"Ziweke hivyo hivyo," nikasema.

"Baba Pacha, hizi ni za kuzika."

"Ziweke tu, fundi."

Akaziweka. Mteja ni mimi, angefanyaje?

* * *

Mazoezini gitaa lilitoka na sauti kama lori linalopanda mlima. Ubeti wa pili Mama Pacha akapasuka kidogo, nikabonyeza nyuzi kwa nguvu, akapotea. Nilimwona mdomo unacheza, sauti haipo.

Nikashusha pumzi. Kazi imekwisha, nikajiambia.

Wimbo ulipoisha akanigeukia. Nikajua ameshtuka. Kumbe anatabasamu.

"Gitaa limenenepa," akasema. "Nalipenda. Linanipa nguvu."

Sikujua niweke wapi macho. Nikajifanya nakaza uzi ambao haukuwa umelegea.

* * *

Jumamosi ikafika.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Sista kakaa meza ya mbele, shada la maua kifuani. Nyuma yake kidogo mama mkwe, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama anapigwa picha.

Tulishajaribu vyombo. Nikapunguza spika ya gitaa kabisa, nikaiacha jukwaani, nikaingia na gitaa kwenye chumba cha nyuma wanakoweka viti vilivyovunjika. Gitaa lilikuwa na kile kidude cha kurusha sauti bila waya. Sikukizima. Kwa nini nikizime, na spika nimeipunguza mwenyewe?

Nilikuwa pamoja na mpiga besi wetu, rafiki yangu wa siku nyingi. Tunamwita Besi, hata mkewe anamwita Besi.

Pikapu moja ilikuwa imeinama upande. Nikalaza gitaa mapajani, nikaingiza leso chini ya nyuzi zisipige kelele, nikachukua bisibisi ndogo. Macho yangu siku hizi si mazuri. Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa nyuzi.

Fikiria mdomo wangu ulikuwa wapi.

Besi alikuwa anafuta viatu. Akasema, "Kaka, hilo gitaa siku hizi linakula kila kitu. Juzi ubeti wa pili sikumsikia shem hata kidogo."

Nikacheka. "Ndiyo kazi yake."

"Kivipi?"

"Unadhani hizi pikapu nimeziweka kwa bahati mbaya? Akianza kukwaruza, mimi naongeza. Watu wataona mdomo unacheza, basi."

Besi akaacha kufuta. "Shem anajua?"

"Ajue nini? Kwamba namwonea aibu?"

Nilisema hivyo. Na kama vile haitoshi, nikaendelea, bisibisi mkononi, nikizungusha skrubu taratibu.

"Mwenzangu, akifungua mdomo siku hizi natamani nijifiche nyuma ya spika. Isingekuwa huyo Sista, nisingekubali asimame mbele za watu na sauti ile. Jogoo mgonjwa."

Nikanyamaza.

Huko ukumbini, mwangwi ukamalizia: "...mgonjwa."

Nikainua kichwa kidogo. Mshereheshaji alikuwa anaongea muda mfupi uliopita, sasa hayupo. Muziki hakuna. Ukumbi wa watu wote wale, hakuna hata kikohozi.

"Nani huyo anaongea?" nikamuuliza Besi.

Na ukumbini, sauti ya mwanamume ikauliza: "Nani huyo anaongea?"

Besi alinitazama. Nikamtazama. Kiatu kikamponyoka mkononi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa fundi mitambo, uso umempauka. "Zima! Kaka, zima hilo gitaa!"

Besi ndiye aliyenyoosha mkono akakizima kile kidude.

Kisha tukasikia mtu mmoja huko nje anacheka, kicheko kifupi cha woga. Na mwingine akamwambia, "Shh!"

* * *

Kuna aibu za kuanguka mbele za watu. Unaanguka, unainuka, unajipangusa vumbi.

Ile haikuwa hivyo. Nilihisi kama nimevuliwa nguo, halafu nikatakiwa nipande jukwaani nipige gitaa.

Nikatafuta mlango wa nyuma. Nasema ukweli. Nilishashika kitasa.

Besi akanivuta shati. "Unaenda wapi? Umeshamwacha peke yake kwa maneno, sasa unamwacha na jukwaani?"

Tukatoka.

Mama Pacha alikuwa amesimama kando ya spika yangu, kiganja chake kimelala juu yake. Hakulia. Uso wake ulikuwa umetulia kiasi cha kunitisha.

Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini, mbali na maiki, "Toa hiyo leso kwenye nyuzi."

Nikaitoa.

Akaenda mbele, akashika maiki.

"Samahanini kwa usumbufu," akasema. "Mume wangu mmemsikia. Sasa nisikieni na mimi."

Akaanza kuimba kabla hatujamfuata.

Nilikuwa nimeshusha sauti ya gitaa mpaka mwisho. Mkono ulikuwa juu ya nyuzi, haupigi. Ngoma haikulia. Besi hakupiga. Ilibaki ile sauti peke yake ndani ya ukumbi ule mkubwa, na mimi nikaisikiliza mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Sitawadanganya kwamba ilirudi kuwa ya zamani. Haikurudi. Ilikwaruza. Alipofika pale juu ilipasuka, ikawa upepo, akakwama.

Akanywa maji. Akasema, "Hapa ndipo pagumu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumtia moyo.

Akarudia, safari hii kwa chini. Ikapita.

Sista aliinuka mezani na maua yake, akapanda jukwaani polepole, akasimama kando yake akamshika kiwiko, vilevile kama wodini. Akabaki hapo mpaka wimbo ukaisha.

Mahali pale palikuwa pangu.

Sikumbuki kama watu walipiga makofi. Besi anasema walipiga sana. Mimi nilikuwa nasikia damu yangu tu masikioni.

Baadaye nje, nikamfuata mama mkwe. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Baba Pacha," akasema, "mwanangu alipotoka hospitali alinikataza nisimwonee huruma. Nikatii. Sikujua kwamba wewe ulihitaji kukatazwa kumwonea aibu."

Akaenda zake. Bora angenizaba kofi.

* * *

Nyumbani hakukuwa na ugomvi.

Chakula kilikuwepo mezani. Salamu zilikuwepo. "Umeamkaje." "Salama." "Gesi imekwisha." "Nitaleta."

Kilichokosekana ni kimoja tu. Asubuhi bafuni, maji yanajaa kwenye ndoo, na hakuna anayeimba.

Nilikuwa nimelala nasubiri ile aa, aa, aa. Televisheni nimeizima. Nasikia maji tu.

Video ikaanza kutembea. Ikaingia kwenye makundi ya simu, ikaingia kwa wazazi wa shule.

Mmoja wa mapacha, yule wa kike, alikuja akanikuta navua viatu.

"Baba, jogoo mgonjwa ni nini?"

"Nani kakwambia?"

"Shuleni. Wanasema mama ni jogoo mgonjwa. Nikasema waongo. Nani alisema hivyo, baba?"

Nilikuwa na kiatu kimoja mkononi. Ningeweza kusema sijui. Niliwahi kusema mafua, ningeshindwaje kusema sijui?

"Ni mimi," nikasema.

Hakulia wala kupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeingia chumba cha watu wengine kwa makosa. Kisha akaenda kwa mama yake.

Jamani, mtoto wako arudi nyuma hivyo akikuona. Sitamani mtu yeyote ayaone hayo.

* * *

Nikamfuata Mama Pacha uani. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Yote yakanitoroka. Nikasema tu, "Nisamehe."

Akaendelea kuanua. "Kwa lipi? Kwa kusema, au kwa kusikika?"

Nikaokota kibanio cha nguo kilichoanguka chini.

"Nikuulize," akasema. "Unajua ni nani aliyeongeza ile spika?"

Hilo lilikuwa limenisumbua. Nilijua niliipunguza. Nilishamlaani fundi mitambo moyoni.

"Ni mimi," akasema. "Mshereheshaji alikuwa ameshatuliza watu ili anikaribishe. Nikaona spika yako imelala kimya, nikasema ngoja niiongeze. Nilikuwa naogopa, Baba Pacha. Nilijua pale juu nitakwama. Nikasema leo nikikwama, gitaa la mume wangu linibebe. Watu wamsikie yeye, mimi nipumzike humo ndani."

Shati la mtoto lilikuwa mikononi mwake. Akalikunja vizuri sana.

"Ulipokuja na zile pikapu nilifurahi. Nilidhani umeona ninavyohangaika, ukaamua kunisaidia bila kunisema. Siku ile nilitaka kukuomba kwa mdomo wangu: nikipasuka, nifunike. Nilikuwa nakusubiri utoke chumba cha nyuma nikuambie."

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ungeniambia ningekubali," akasema. "Kitu kile kile, pikapu zile zile. Mimi nilitaka unifunike kama mtu anavyomfunika mwenzake shuka. Wewe ulikuwa unanificha kama uchafu chini ya mkeka."

Nikauliza swali la kijinga, lakini lilikuwa limenikaba. "Uliposikia naongea, mkono wako ulikuwa kwenye spika. Mbona hukupunguza?"

Akaliweka shati ndani ya beseni.

"Neno la kwanza nilitaka kupunguza," akasema. "Halafu nikasema hapana. Huyu mtu hajaniambia ukweli tangu nitoke hospitali. Acha nisikie mpaka mwisho."

Akabeba beseni la nguo akaingia ndani.

* * *

Hakunifukuza, na hakunisamehe siku ile. Alisema msamaha hautoki kama maji ya bomba.

Wikendi zilizofuata alikwenda kuimba na Besi peke yake, besi na sauti, basi. Walimwita kwenye sherehe mbili tatu ndogo. Mimi nilibeba spika, nikavuta waya, nikakaa nyuma karibu na mlango. Watu walikuwa wananitambua. Wananong'ona. Mwingine anawika chini chini nikipita, ko-ko-ri-ko.

Siwezi kusema nilizoea. Ila sikuondoka.

Na pale nyuma nilianza kusikia vitu. Mama Pacha hapandi tena juu kwa nguvu. Anakaribia ile noti, anaizunguka, anaingia kwa mlango mwingine. Watu wanatega masikio kumsubiri. Zamani walikuwa wanashangilia. Siku hizi wanasikiliza.

Halafu majuzi akarudi nyumbani jioni na kijifuko cha karatasi, akakiweka mezani mbele yangu.

Ndani pikapu. Za koili moja.

"Nimetoka kwa Mama Koili," akasema. "Alinipigia aina zote, nikawa naimba juu yake, moja baada ya nyingine. Hizi ndizo zilizoniachia nafasi."

Nikazigeuza mkononi. "Hizi zinavuma."

"Najua zinavuma. Nina masikio."

Nikakaa nikazifunga, yeye yupo upande wa pili wa meza anatazama daftari za watoto. Nilipomaliza nikachomeka waya. Kweli zilivuma, mmmm, nyumba nzima.

Akaanza kuimba bila kunitazama. Nikamfuata taratibu. Alipokaribia pale pagumu, kidole changu, kwa mazoea, kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha sauti.

Akanyamaza. Akainua macho.

"Usiongeze mpaka nikuambie."

"Sawa."

"Tuanze tena."

Tukaanza tena. Alipasuka. Sikuongeza. Nilikaa pale na mpasuko ule masikioni mwangu, haukuniua.

Bado hatujapanda jukwaa moja. Sijui tutapanda lini, huo uamuzi ni wake.

Simulizi hii ameisoma kabla sijaiweka hapa. Alifuta sentensi moja niliyokuwa najisifia, nyingine zote akaziacha.

Nanyi mnaoishi na mtu aliyepungukiwa na kitu, iwe sauti, mguu, akili au kazi: ukijikuta unamtafutia pazia, muulize kwanza. Pengine pazia hilo hilo analitaka, na angelipokea kwa shukrani kama angekuona unalileta.

Na mimi aibu sijaimaliza. Naamka nayo, naenda nayo dukani, nawasalimia nayo majirani. Lakini angalau sasa imekaa kwa mwenyewe. Muda wote ule ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimemtwisha mke wangu aibebe.